Mshale Unasema 60. Je, Gari Linakwenda Ngapi?



Tuseme umeitwa ofisini. Mkuu wa usalama anakuonyesha karatasi: jana, saa nane mchana, katika uwanda wa Ruzizi, kati ya Luvungi na Sange, gari lako lilikwenda km 65 kwa saa. Amri ni 60. Wewe unashangaa, kwa sababu uliutazama mshale mara nyingi nao haukupita 60. Unajibu: «Mashine yenu inasema uongo.» Naye anakujibu: «Mashine haiongopi.»

Nani ana haki? Inawezekana kila mmoja wenu amesema sawasawa alichokiona. Shofere ametazama kipima-mwendo, ile saa yenye mshale iliyo mbele ya usukani. Mkuu ametazama GPS, kile chombo kidogo kilichofungwa ndani ya gari. Vyombo hivyo viwili havipimi kwa njia moja. Inafaa kila shofere avijue, na familia yake pia.

KIPIMA-MWENDO KINAHESABU MAGURUDUMU

Kipima-mwendo hakiioni barabara. Kinahesabu tu mizunguko inayotoka kwenye giaboksi au kwenye gurudumu. Kiwanda kimekiambia: gurudumu likizunguka mara moja, gari limesogea mita kadha wa kadha. Kila siku kinarudia hesabu hiyo hiyo, hata kama mpira umebadilishwa.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inasema kwamba kipima-mwendo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kuzidisha kidogo kunaruhusiwa: gari jipya linapopimwa, mshale unaweza kuzidi kwa fungu moja la kumi la mwendo wa kweli, na km 4 juu yake. Kwa hiyo gari likienda 60 ya kweli, mshale unaweza kuonyesha hata 70. Ndiyo sababu mara nyingi GPS huonyesha nambari ndogo kuliko mshale.

Sasa tazama mipira. Mpira uliokwisha kulika ni mdogo kidogo, hivyo unazunguka mara nyingi zaidi, na mshale unazidisha. Mpira mkubwa kuliko ule wa kiwanda hufanya kinyume. Chukua mpira wa 225/75 R16: kimo chake ni kama sentimeta 74. Ukiuondoa ukaweka 235/85 R16, kimo kinakuwa karibu sentimeta 81. Kama mshale ulikuwa sahihi kabisa hapo mwanzo, sasa ukisema 60 gari linakwenda 65. Shofere hakudanganya. Gari lilibadilishwa viatu, na kipima-mwendo hakikupewa habari.

Katika matope pia mshale hupotosha. Magurudumu yakizunguka bure, unaweza kuonyesha 40 na gari limesimama pale pale. Magurudumu yakifungwa na breki kwenye mteremko wenye utelezi, unaweza kushuka hadi sifuri huku gari likiteleza kuelekea bondeni.

GPS INASIKILIZA ANGANI

GPS ni kazi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwa kimo cha karibu km 20,200. Ya kwanza ilirushwa na Marekani mwaka 1978. Kila moja inatuma mawimbi ya redio bila kupumzika.

Umesimama kando ya barabara, kamyo inakuja ikipiga honi. Inapokukaribia sauti ni nyembamba. Ikishapita, sauti inakuwa nzito. Honi ni ile ile, ila mwendo umeigeuza sauti. Mawimbi ya setilaiti nayo hugeuka kidogo kwa sababu ya mwendo, na chombo cha GPS hupima mgeuko huo kikajua gari linakwenda kasi gani. Mpira mkubwa au mdogo haukihusu.

Mahali pa wazi, gari likishika mwendo mmoja, kosa la GPS kwa kawaida halifiki km 1 kwa saa. Lakini nayo ina udhaifu wake. Unapokanyaga breki au kuongeza moto, inaweza kuchelewa kidogo. Tena inahitaji kuona anga. Kusini ya Uvira, kuelekea Makobola, milima inashuka karibu na ziwa. Mlima hufunika upande mmoja wa anga, na mawimbi yanaweza kugonga mwamba kabla ya kufika kwenye chombo. Hapo nambari moja inaweza kuruka bila sababu.

TOFAUTI NDOGO, HATARI KUBWA

Utasema: «Km 5 tu, ni kitu gani?» Tupige hesabu. Uko kwenye udongo mkavu, breki ni nzima. Mtoto anakimbilia barabarani. Unahitaji karibu sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 60, gari litasimama baada ya mita 45 hivi. Kwa 65, litahitaji mita 51.

Mita 6 hizo zinatosha kuua. Mahali ambapo gari la 60 limekwisha kusimama, gari la 65 bado linakwenda karibu km 28 kwa saa. Na kama barabara ina utelezi au kamyo imejaa mzigo, hali ni mbaya zaidi.

Barabara yetu ya namba 5 si uwanja mtupu. Wanapita mama wenye mabeseni ya ndagala, wanafunzi, vijana wa baiskeli na ng'ombe wa uwandani. Wala hatujasahau Sange. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya mafuta ilipinduka pale. Watu walikuja kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Habari za siku zile zilitaja mwendo wa kasi. Mwendo wa gari si jambo la shofere na ofisi peke yao. Unawahusu watu wote wanaokaa kando ya barabara.

JIPIMIE MWENYEWE

1. Chagua kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, chenye anga wazi na kisicho na watu.
2. Muwe wawili. Shofere atazame njia na mshale tu. Mwenzake ndiye asome GPS au simu. Shofere asishike simu hata kidogo.
3. Shikeni mshale kwenye 40 kwa nusu dakika, mwandike GPS inasema nini. Fanyeni hivyo pia kwa 60 pale panaporuhusiwa. Rudieni mara tatu, kwenda na kurudi.
4. Hakuna GPS? Tumieni saa na kilomita moja iliyopimwa. Sekunde 90 ni km 40 kwa saa, sekunde 72 ni km 50, sekunde 60 ni km 60.
5. Andikeni tofauti kwenye kitabu cha gari. Mipira ikibadilishwa, pimeni upya.

Mkikuta mshale unaonyesha pungufu, peleka gari gereji, na tangu saa hiyo punguza mwendo. Mkikuta unazidisha, acha vile vile: ziada hiyo ni akiba ya usalama, usiitumie kuongeza moto.

UKIITWA OFISINI

Usianze kwa hasira. Omba kuona nambari zote za dakika ile, zilizotangulia na zilizofuata. Gari haliwezi kutoka 45 hadi 90 na kurudi 45 katika sekunde mbili. Nambari ya namna hiyo ni kosa la chombo. Lakini kama nambari zimefuatana 64, 65, 65, 66, ulikwenda hivyo kweli. Hapo uliza juu ya mipira. Nanyi wakuu, kabla ya kumwadhibu mtu, fungueni kitabu cha gari.

NA NYUMBANI

Mama, usimhimize baba wa watoto akimbie ili awahi chakula. Watoto, mkipanda gari, msimshangilie shofere anayepita wenzake. Abiria mwenye simu inayoonyesha mwendo amwambie shofere kwa heshima: «Ndugu, tumepita 60.»

Mshale na GPS vinakupa habari tu. Anayepunguza mwendo ni mguu wako. Haraka haraka haina baraka: heri wakungoje mezani hata chakula kipoe, mradi ufike.