Picha za mtoto zisipotee na simu
Simu ikiibwa stendi ya Makambako, picha za mtoto huondoka nayo, pamoja na ile ya kadi ya kliniki yenye uzito na tarehe za chanjo. Mzazi, kompyuta ya mezani iliyotumika yaweza kuwa ghala la familia nyumbani Njombe.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi aifungue muone mazabodi, ubao unaounganisha vifaa vyote. Hesabu matundu ya SATA: matatu yanatosha, moja la diski ya mfumo, mawili ya diski zenye nakala zilezile. Kapasita zimevimba? Achana nayo.

Umeme ukikatika ghafla mafaili huweza kuharibika, hivyo ongeza UPS. Na kadi yenyewe itunze, kliniki wataiomba.