Glasi ya bure kwenye maonyesho: nani analipa?

Mwaka 1981, wenye majumba ya sanaa wa Pioneer Square, mjini Seattle, Marekani, walianza kufungua milango jioni ya Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Watu hupita jumba hadi jumba wakitazama picha. Miji mingi imeiga matembezi hayo, na mara nyingi mgeni hupewa mvinyo na vitafunwa bila kuulizwa pesa.

Kwetu Uganda, kilicho karibu zaidi na hayo ni jioni ya ufunguzi wa maonyesho, kwenye majumba kama Afriart, aliloanzisha Daudi Karungi mjini Kampala mwaka 2002. Hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Wageni 50 wakinywa glasi mbili mbili, zinahitajika chupa 20. Tuseme chupa ni shilingi 40,000: umeshatumia 800,000 na karanga bado hujanunua. Jumba linalokata kamisheni ya asilimia 40 linapaswa kuuza picha za shilingi milioni mbili ili kurudisha gharama ya mvinyo tu, kodi ya pango na umeme zikiwa kando.

Kwa hiyo mgeni anakunywa fedha iliyomo ndani ya bei ya picha, na mchoraji ni mmoja wa wanaoitoa. Hata hivyo sioni kuwa ni ufujaji. Mtu aliyeshika glasi hukaa, huzungumza na msanii, huuliza bei asiyothubutu kuiuliza akiwa peke yake. Panapo wanunuzi, gharama hiyo hurudi.

Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, wanunuzi wa namna hiyo hawapo. Ustadi upo. Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanaishi humo pia Wakongomani, ambao ndio wengi, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Mchoraji wa Kabazana hupata riziki ukutani: vichwa vya misuko mbele ya saluni, paja la mbuzi kwenye bucha, jina la duka kwa herufi nene zenye kivuli chekundu. Mteja wake ni mwenye duka, na mwenye duka anamtegemea mkimbizi mwenye pesa mkononi. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipowaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye msaada wa chakula, pesa hiyo ilipungua. Duka likikosa mauzo, bango jipya ndilo la kwanza kuahirishwa.

Ndiyo maana macho yangu yako Mbarara, kama kilomita 60 kutoka hapo. Ni jiji tangu Julai 1, 2020. Lina hoteli, chuo kikuu na watu wa mishahara, na Igongo, kituo cha utamaduni kilicho kwenye barabara ya Masaka, kimeonyesha kwamba wasafiri husimama kutazama vitu vya Ankole. Matembezi ya sanaa ya kila mwezi, yenye picha za wachoraji wa Nakivale, yangepata watu huko.

Ila mvinyo wa kuagizwa nje usiwepo. Sambusa 150 kutoka jiko la Kisomali la Kabazana, tukikadiria shilingi 500 kila moja, ni 75,000, bei isiyofika chupa mbili. Ankole ni nchi ya maziwa, basi chai iwe nzito kwa maziwa. Kwa wanywaji ipo tonto, pombe ya ndizi: ndizi mbivu hukandwa kwa nyasi hadi zitoe maji, maji yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke ndani ya mtumbwi wa mti. Kila shilingi ya ukarimu ingebaki kwa mkulima na mpishi wa hapa.

Kikwazo ni barabara. Turubai likikunjwa hupanda taksi pamoja na mwenyewe. Picha yenye fremu hulipiwa kiti. Fremu zitengenezwe Mbarara, na nauli iingie kwenye gharama za mwenye ukumbi. Mpishi alipwe jioni ile ile. Na kabla picha ya kwanza haijatundikwa, mkataba useme wazi kwamba chakula cha wageni hakitakatwa kwenye fungu la mchoraji.