Mayai ya kutotolesha: Hesabu siku tangu yalipotagwa, si tangu uliponunua

Katika soko la Mbugangari, mjini Gisenyi, trei mbili za mayai zinaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu na mnunuzi asione tofauti. Rangi ni moja, ukubwa ni mmoja, na yote ni safi. Lakini trei moja ilikusanywa juzi, na nyingine imekwisha kutimiza wiki mbili na nusu. Kwa anayevuka Petite Barrière kwenda kuuza mayai ya kuchemsha mitaa ya Birere, upande wa Goma, tofauti hiyo si kubwa. Kwa anayetafuta vifaranga, hapo ndipo faida na hasara zinapoachana.

Ubaya wa biashara hii ni kwamba hasara haionekani siku ya kununua. Inajitokeza siku 21 baadaye, mashine inapofunguliwa na nusu ya mayai yakakutwa viza. Muuzaji hulaumu mashine, mwenye mashine hulaumu mayai, na mteja wa ng'ambo harudi tena.

Jambo la kwanza: je, mayai yana mbegu? Mayai mengi yanayouzwa kwa trei hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Hayo hata yakiwa ya leo asubuhi hayawezi kutoa kifaranga. Ya kutotolesha lazima yatoke kwenye banda lenye majogoo ya kutosha.

Jambo la pili ni umri, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Yai lenye mbegu linapotagwa, uhai umekwisha kuanza ndani yake. Lilikaa mwilini mwa kuku kwa takriban siku nzima, katika joto, na tayari lina maelfu ya seli. Likipoa na kushuka chini ya nyuzi joto 20 hivi, ukuaji husimama, uhai ukalala usingizi. Ndiyo maana kuku wa kienyeji hutaga yai moja moja kwa muda wa siku kumi au kumi na mbili, kisha akaatamia yote, na vifaranga wakatoka karibu kwa pamoja. Yai la kwanza lilikuwa likiwasubiri wenzake.

Lakini usingizi huo una kikomo. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia humo maji hutoka kidogo kidogo na hewa ya kaboni nayo hutoka. Ute mzito unaokishika kiini katikati hulegea ukawa majimaji, chumba cha hewa kwenye upande mpana hukua, na seli nyingine hufa. Kiini kikielea na kugusa ganda, kiinitete kinaweza kunata hapo na kufa.

Kwa yai lililotunzwa vizuri, wiki ya kwanza hupita bila hasara kubwa. Baada ya hapo, wataalamu wa kutotolesha hukadiria kuwa uwezo wa kuangua hupungua kwa nusu hadi asilimia moja kila siku, na kasi huongezeka wiki ya pili ikiisha. Yai la wiki tatu lililokaa katika joto la kawaida la chumba ni bahati nasibu.

Tupige hesabu. Mfanyabiashara ana trei kumi, yaani mayai 300. Tuseme yakiingia mashineni ndani ya wiki moja angepata vifaranga 240. Yakiingia siku ya 14, kwa upungufu wa asilimia moja ya mayai yote kila siku, amepoteza vifaranga 21 bila kuvunja yai hata moja. Fedha ya mayai na umeme ni ile ile. Kilichopungua ni mauzo.

Sasa tazama siku zinavyoliwa. Mfugaji mdogo hukusanya kwa siku nne au tano ili trei ijae. Mchuuzi hupita mara moja kwa wiki. Sokoni yanakaa siku mbili. Mpakani kunaweza kutokea kuchelewa kwa sababu ya karatasi, kwani mayai ni mazao ya mifugo na maafisa wa pande zote mbili wana haki ya kuyakagua. Ni vizuri kuulizia masharti kabla ya kununua mzigo. Yai linaloitwa "la jana" kwa sababu lilinunuliwa jana linaweza kuwa na siku 14.

Njiani nako kuna hatari zake. Buti ya gari lililoegeshwa juani huyaamsha mayai nusu nusu: si joto la kupoa, wala si nyuzi 37 na nusu za kuangua. Kiinitete huanza kukua kwa udhaifu, kisha hufa. Friji ya nyumbani nayo ni baridi mno. Chumba chenye kivuli, cha nyuzi 15 hadi 18, ndicho kinachofaa. Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu na kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, usiku huwa wa baridi. Ni juu ya mwenye mayai kuyaepusha na jua la mchana.

Weka ncha nyembamba chini na upande mpana juu. Yakizidi wiki moja, yageuze mara moja au mbili kwa siku. Usiyaoshe. Yakifika kutoka safari, yapumzishe kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuyaingiza mashineni. Na usichanganye ovyo umri: yai kuukuu huchelewa kuanguliwa, takriban saa moja kwa kila siku liliyokaa baada ya wiki ya kwanza.

Ugomvi ukitokea, yai lenyewe hutoa ushahidi. Siku ya saba au ya kumi, mulika kwa tochi gizani. Yai jeupe tupu mara nyingi halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu lilikufa siku za mwanzo, na hapo tuhuma za kwanza ni umri, joto la njiani au mtikisiko. Kifaranga aliyekamilika lakini akafia ndani ya ganda siku za mwisho, mara nyingi kosa ni la joto au unyevu wa mashine.

Dawa ya yote haya ni penseli. Mfugaji aandike tarehe juu ya kila yai siku linapookotwa, na mnunuzi akifika Mbugangari aulize mapema: "Mama, haya yalitagwa lini?" Yenye tarehe ya wiki hii yastahili bei nzuri, yasiyo na tarehe yauzwe kwa wapishi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwenye mayai, daftari ni ganda lenyewe.