Mti wa Kaiija na Kumbukumbu za Wahunzi

Siku hizi jembe twalinunua sokoni Bule: twaligonga kwa ukucha, twasikiliza mlio, twalipa, basi. Nani aulizaye jina la aliyelifua?

Zamani mhunzi alijulikana na wote, tena aliogopwa. Mikononi mwake mawe yalitoa jembe la kulimia na mkuki wa kuulia. Katika makabila mengi ya Afrika wayeyushao chuma walikuwa na miiko mikali, hata kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe.

Tushuke kusini hata Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Wazee wa Katuruka walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyewaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mnara ukaanguka. (Aliyesoma kitabu cha Mwanzo atatabasamu.) Mahali penyewe walipaonyesha: chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Bwana Peter Schmidt, Mmarekani mtaalamu wa mambo ya kale, hakuwacheka. Mwaka 1970 alichimba palepale. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na makaa yake yalipopimwa yalionekana kuwa na umri wa miaka 2,000 na zaidi! Mnara haukuonekana, lakini mahali wazee walikuwa wamepakumbuka.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, walioiacha kazi hiyo tangu ujana, walijenga tanuru tena kwa udongo wa kichuguu. Walichoma matete shimoni, wakaingiza mabomba ya mivukuto ndani kabisa, ili upepo upate joto kabla ya kuufikia moto. Ufundi huo waliuhifadhi vichwani mwao.

Huko Ireland waliwahi kuandika. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule walipewa madaftari wakawaulize wazee, hata juu ya wahunzi wa kwao. Waliandika kwamba maji apozeayo mhunzi chuma huponya chunjua. Madaftari hayo yangali Dublin.

Kwetu Djugu, tangu 2017 vita vimewatawanya watu makambini, na wazee wengi hawakurudi. Basi wanafunzi wangu nimewapa swali moja la likizo: kwenu nani alikuwa mhunzi, na tanuru lake lilikuwa wapi?