Mtoto Asiyetulia na Githeri ya Kyeni

Hadithi hii haina fisi wala sungura. Ina watoto wa darasa la kwanza, sufuria kubwa za githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, na watu wazima waliokaa kando ya uwanja wa shule wakiandika. Nayo ni ya kweli, tena ilitokea karibu na kwetu. Ukitoka Kinoru ukaenda stendi ya Meru ukapanda gari la Embu, utapita Nkubu, utapita Chuka, utavuka daraja baada ya daraja la mito inayoshuka Mlima Kenya, na kabla hujafika Runyenjes utakuwa umeingia Kyeni. Huko ndiko mambo haya yalikofanyika.

Kwanza niwaulize. Darasani kwenu yuko yule ambaye kila saa amegeuka nyuma? Penseli yake inaanguka, anaifuata chini ya dawati, akiinuka somo limempita. Akiulizwa swali anajibu lile lililoulizwa kitambo. Huyo mmemwita mtukutu. Na yuko mwingine, hasumbui mtu, amelaza kichwa juu ya mikono na macho yake yako dirishani. Huyo mmemwita mvivu. Mimi majina hayo siyapendi kabisa, na baada ya kusikia yaliyogunduliwa Kyeni huenda nanyi mkayaacha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles walikubaliana kuwachunguza watoto wa Embu. Miongoni mwao alikuwemo Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto wa hapa Kenya, na Dakta Charlotte Neumann, naye daktari wa watoto, kutoka Marekani. Alikuwemo pia Marian Sigman, mwanasaikolojia, yaani mtu aliyesomea jinsi akili na tabia za watu zinavyofanya kazi. Walikuwa na swali moja lililowasumbua: mtoto ambaye hafi njaa, anayekula kila siku lakini anakula kidogo na chakula kilekile, anapoteza nini?

Wakiwa kazini, mwaka 1984, mvua ikagoma. Waulizeni babu na nyanya zenu kuhusu mwaka huo. Mahindi yalinyauka shambani kabla ya kubeba, na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watafiti hawakuleta ukame huo, ila uliwakuta wameshawapima watoto kabla, kwa hiyo wakaweza kuona nini kinabadilika chakula kikipungua nyumbani.

Sasa tazameni jinsi mwanasaikolojia anavyopima kitu kisichoshikika kama umakini. Hana mizani wala kipimajoto. Anakaa pembeni ya darasa, anamchagua mtoto mmoja, na kila baada ya muda uliopangwa anamtazama na kuandika. Anasikiliza? Anaandika? Anaangalia nje? Wakati wa mapumziko anamfuata kwa macho uwanjani. Anakimbia? Amesimama peke yake ukutani? Ni nani anayesema, “Tucheze hivi”, na ni nani anayefuata tu? Alama hizo ndogo zikikusanywa kwa siku nyingi na kwa watoto wengi, zinaonyesha jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuliona.

Na zilionyesha nini? Wadogo kabisa, wale wa kubebwa mgongoni, hawakuumia sana, maana wazazi waliwakinga. Walioumia ni wa umri wa kwenda shule. Walipunguza kucheza uwanjani, na darasani umakini wao ukashuka. Watoto walikuwa ni walewale, walimu walewale na shule ileile, isipokuwa sahani ilikuwa imepungua.

Wengine wangeridhika hapo. Lakini mtafiti mzuri hujiuliza kama chakula ndicho kilichofanya hayo kweli, au ni huzuni iliyokuwa nyumbani, au ni ule ukame wenyewe. Njia ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja na kuangalia kitakachotokea. Ndiyo maana mwaka 1998 walirudi Kyeni na sufuria.

Walichukua shule 12 za msingi na kuzigawa kwa bahati nasibu katika makundi manne, kila kundi shule tatu. Nasisitiza bahati nasibu kwa sababu wangezichagua wenyewe, huenda bila kukusudia wangezipa nyama zile shule zilizokuwa nzuri tangu mwanzo. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi la kwanza walipewa githeri yenye mboga za majani na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Kundi la pili walipewa githeri na glasi ya maziwa. La tatu walipewa githeri iliyoongezwa mafuta. Makundi hayo matatu yalipata nguvu sawa kutokana na chakula, ili mtu asije akasema hawa wameshinda kwa sababu walishiba zaidi. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni. Hilo linaitwa kundi la kulinganisha, na bila hilo usingejua kama watoto wamebadilika kwa githeri au kwa kukua tu. Familia za kundi hilo zilipewa mbuzi wa maziwa. Nafurahi kwamba walikumbukwa.

Watoto walipimwa mwanzoni, kisha tena na tena kwa karibu miaka miwili. Kipimo kimoja kilikuwa kitabu cha picha zilizobuniwa na Mwingereza John Raven. Unaonyeshwa mchoro wenye mistari au maua, na pembeni pamekatwa kipande. Chini kuna vipande sita. Kipi kinajaza pengo? Huhitaji kujua kusoma, wala Kiingereza, wala Kiembu. Unahitaji kutazama kwa makini na kufikiri.

Waliokula githeri ya nyama walipanda kuliko wenzao katika kipimo hicho. Uwanjani walikimbia zaidi, na ndio walioanzisha michezo na kuwaongoza wengine zaidi. Kundi la maziwa liliwashangaza wengi: kwenye picha za Raven halikupita hata lile kundi lisilopewa kitu, ingawa maziwa yaliwasaidia kuongeza kimo baadhi ya watoto waliokuwa wafupi kwa umri wao.

Kwa nini nyama? Damu yenu hubeba hewa kwa kutumia madini ya chuma, na ubongo hula hewa hiyo kwa wingi. Nyama ina chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi, ina zinki, na ina vitamini B12 ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kukosa. Mahindi na maharagwe hayana B12 hata chembe. Walipopima damu za watoto kabla ya mradi, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Maziwa yana B12, lakini chuma chake ni haba sana. Tumbo la mtoto lilikuwa limejaa na ubongo wake bado unadai.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Asiende mtu nyumbani kumwambia mama yake kwamba hampi nyama ndiyo maana anapata alama za chini. Mama anapika alichonacho. Yai lina B12, na omena wana B12 pamoja na chuma, tena kwa bei nafuu kuliko nyama. Mzigo mkubwa wa chakula cha shuleni, kwa maoni yangu, unapaswa kubebwa na serikali na kaunti, wala usiachwe kwa mzazi peke yake.

Lakini si kila kutotulia ni njaa. Kuna watoto wanaokula vizuri, wanalala vizuri, na bado hawawezi kukaa na kazi moja hadi mwisho, nyumbani na shuleni pia, mwaka baada ya mwaka. Daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya watoto wa aina hiyo mwaka 1902. Leo hali hiyo inaitwa ADHD. Mara nyingi hurithiwa ndani ya familia. Haitokani na ulezi mbaya wala laana, na fimbo haiitoi. Isitoshe, fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mtoto kama huyo husaidiwa na mwalimu anayempa kazi kidogokidogo na kumkalisha mbele, wazazi waliofundishwa namna ya kumwelekeza, na wakati mwingine dawa kutoka kwa daktari.

Na yule mkimya wa dirishani? Mwaka 1993 John Weisz, akiwa na Sigman na wenzao, walichapisha utafiti uliowauliza wazazi wa Embu, Thailand na Marekani kuhusu matatizo ya watoto wao wa miaka 11 hadi 15. Wazazi Wazungu wa Marekani walitaja sana ubishi na ukaidi. Wazazi wa Embu walitaja zaidi woga, kujilaumu, na zaidi ya yote maumivu ya mwili. Kwetu tunalelewa kutii na kunyamaza mbele ya wakubwa, na naamini ndiyo sababu shida ya mtoto wetu mara nyingi haipigi kelele. Inakuja kama tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo mtukutu huonekana na kila mtu, lakini mkimya anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu kumuuliza kitu.

Wewe unayeketi karibu naye unaweza kumuuliza. Umekula? Umelala? Kuna anayekuumiza? Akikujibu, mpelekeeni habari mwalimu mnayemwamini. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu umakini wa mtoto anaweza kuomba apimwe katika kituo cha tathmini ya elimu cha EARC. Vituo hivyo vimekuwepo Kenya tangu 1984. Na mtoto ambaye hana mtu mzima wa kumwambia, nambari 116 hupigwa bila malipo, usiku na mchana.