Mazembe na nyumba yake ya Kamalondo

TP Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mara nne kabla ya kuwa na uwanja wake yenyewe, ule wa Kamalondo mjini Lubumbashi. Vijana wa mji wetu wa Luena waliozaliwa baada ya 2011 hawaamini wakiambiwa hivyo, maana kwao Mazembe na Kamalondo ni kitu kimoja.

Klabu ilianzishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ikawa Englebert, na baada ya kumaliza msimu wa 1966 bila kufungwa ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani wenye nguvu zote. Lakini hao wenye nguvu zote, walipofika fainali ya Afrika mwaka 1967 dhidi ya Asante Kotoko, mechi yao ya nyumbani ilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Mashabiki wa Katanga waliifuata redioni.

Miaka mingi nyumbani kwa Mazembe palikuwa uwanja wa komini ya Kenya, Lubumbashi, ambao leo una jina la Frédéric Kibassa Maliba, mmoja wa waasisi wa chama cha UDPS. Ni uwanja mkubwa wenye historia nzito. Hapo ndipo Espérance ya Tunis ilipochapwa 5-0 katika fainali ya 2010, ushindi uliowafikisha Kunguru, kama Mazembe wanavyoitwa, kwenye Kombe la Dunia la klabu, na huko wakacheza fainali na Inter Milan. Hata hivyo ulikuwa uwanja wa serikali, nao mahasimu wao Saint-Éloi Lupopo, timu iliyozaliwa mikononi mwa wafanyakazi wa reli, waliuita wao vilevile. Na Luena yetu ni mji wa makaa ya mawe na stesheni, kwa hiyo Lupopo nao wana watu wao. Nyumba moja hapa inaweza kuwa na baba wa Lupopo na watoto wa Mazembe, na siku ya derby chakula hakiliki kwa amani.

Moïse Katumbi, rais wa klabu tangu 1997, aliamua kujenga. Angeweza kutafuta eneo tupu nje ya mji na kusimamisha jengo la kutisha. Badala yake uwanja ukajengwa Kamalondo, mojawapo ya mitaa ya zamani kabisa ya Waafrika mjini Lubumbashi, katikati ya nyumba za watu, baa na maduka. Ulifunguliwa 2011, una nafasi za watu wapatao 18,000. Wapo wanaolalamika kwamba ni mdogo kwa klabu ya hadhi hiyo. Mimi naona udogo huo ndio silaha yake: jukwaa liko karibu na mstari, na mchezaji mgeni anayekwenda kurusha mpira husikia kila neno analoambiwa.

Halafu kuna nyasi bandia. Fainali za Afrika zilikuwa zikichezwa Oktoba na Novemba, wakati ambao kwetu Katanga mvua imeshaanza. Uwanja wa udongo hugeuka tope, pasi zinakwama, na timu yenye ufundi hupoteza faida yake. Kamalondo mvua ikikatika mpira unateleza vilevile, kwa kasi ambayo wenyeji wameizoea kwa mazoezi ya kila siku na wageni wanaanza kujifunza siku ya mechi.

Tarehe 8 Novemba 2015 ndipo nyumba hiyo ilipopata taji lake la kwanza la Ligi ya Mabingwa. Mazembe ilikuwa imeshashinda 2-1 Algiers dhidi ya USM Alger, kwa mabao ya Mzambia Rainford Kalaba na Mtanzania Mbwana Samatta. Marudiano yalibana hadi kipindi cha pili, Samatta alipofunga penalti. Dakika za nyongeza Roger Assalé akaongeza la pili.

Mwaka huohuo Katanga iligawanywa mikoa minne. Luena ikabaki Haut-Lomami na Kamalondo ikawa Haut-Katanga, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mazembe sasa ni timu ya mkoa wa watu wengine. Mwaka 2016 Katumbi akiwa uhamishoni, MO Béjaïa ya Algeria ilikuja Kamalondo kwa fainali ya Kombe la Shirikisho baada ya sare ya 1-1 kwao. Ikafungwa 4-1. Mwaka uliofuata SuperSport United ya Afrika Kusini nayo ikafungwa palepale, 2-1, na kombe likabaki.