Fidia kwa Madhara Yanayohusishwa na Chanjo: Jinsi Madai Yanavyofunguliwa na Kumalizwa kwa Mapatano

Hati ya mapatano huwa na kurasa chache, lakini ndani yake hukaa sentensi moja inayobeba uzito wa hati nzima: kwamba mdai amepokea kiasi kilichotajwa kuwa malipo kamili na ya mwisho. Mzazi akishaweka sahihi au dole gumba chini ya sentensi hiyo, madai yamekwisha. Hata ikibainika miaka miwili baadaye kwamba mkono wa mtoto umedhoofu kuliko daktari alivyotarajia, hakuna mlango wa kurudi kudai nyongeza. Kwa sababu hiyo mkazi wa Hanang au Mbulu anayeamini kwamba mwanawe aliumizwa na chanjo anapaswa kuielewa njia nzima kabla hajafika kwenye hati hiyo.

Chanjo hutolewa kila wiki katika zahanati, vituo vya afya na kliniki za mkoba. Mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Wasichana wanachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi tangu mwaka 2018. Homa ya siku moja au mbili, maumivu na uvimbe mahali palipochomwa ni mambo ya kawaida yanayopita yenyewe. Madhara makubwa ni nadra sana, na surua huua watoto wengi kuliko yanavyoweza kufanya madhara hayo. Hata hivyo, unadra wa jambo haumfariji mzazi aliyepatwa nalo, wala haumwondolei haki ya kuuliza na kujibiwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Tanzania haina mfuko wa kudumu wa kisheria unaolipa fidia ya madhara ya chanjo bila kuthibitisha kosa la mtu. Mifuko ya namna hiyo ipo kwingine. Uingereza ina sheria ya malipo hayo tangu mwaka 1979, na aliyepata ulemavu wa asilimia 60 au zaidi kutokana na chanjo hulipwa pauni 120,000. Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 1988, ukigharamiwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Kwa Watanzania, kitu kilichokaribiana na hayo kilikuwa mpango wa fidia uliowekwa mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo za UVIKO-19 zilizosambazwa kupitia COVAX katika nchi 92 zenye kipato cha chini na cha kati. Chanjo za kwanza za mpango huo, za Janssen, zilifika nchini Julai 2021. Mwombaji hakutakiwa kuthibitisha uzembe wala kulipa ada, lakini aliyekubali malipo alisaini kuacha kushtaki. Mpango huo haukuhusu chanjo za kawaida za watoto.

Kwa chanjo hizo, basi, njia iliyobaki ni sheria ya madhara. Mdai anapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba mtoto aliumia, kwamba chanjo au namna ilivyotolewa ndiyo iliyosababisha, na kwamba kulikuwa na uzembe. Hapa ndipo madai mengi yanapokwama, kwa kuwa jambo kutokea baada ya chanjo si ushahidi kwamba limetokana na chanjo. Mtoto wa miezi 9 yuko katika umri ambao degedege na maambukizi hutokea hata kwa asiyechanjwa.

Tofauti kati ya chanjo yenyewe na mkono unaoitoa ilionekana kwa uchungu huko Kapoeta, Sudan Kusini, mwezi Mei 2017. Watoto 15 walifariki wakati wa kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia chanjo kwa siku zote nne za kampeni, na kwamba chanjo haikuwekwa kwenye ubaridi kwa muda wote huo. Chanjo haikuwa na kasoro. Ilichafuliwa na watu waliopaswa kuilinda. Kosa la aina hiyo linaweza kuthibitishwa mahakamani, ilimradi kumbukumbu zilichukuliwa mapema.

Kumbukumbu hizo huanzia kwa mzazi. Akiona dalili zisizo za kawaida, amrudishe mtoto kituoni siku hiyohiyo na aombe tukio liandikwe. Mtumishi wa afya hujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mratibu wa chanjo wa wilaya hupaswa kuarifiwa ili uchunguzi ufanyike. Mzazi atunze kadi ya kliniki ya mtoto, kwani humo huandikwa tarehe na aina ya chanjo, na aombe namba ya toleo la chanjo iliyotumika. Atunze pia karatasi za rufaa, vyeti vya kulazwa na stakabadhi za nauli na dawa. Familia za Katesh na Gendabi zilizopoteza nyaraka katika maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 zinajua jinsi kadi inavyoweza kutoweka kwa asubuhi moja. Aliyepoteza kadi aombe kituo kipekue rejista yake ya chanjo, kwa kuwa taarifa za mtoto huandikwa humo pia.

Baada ya ushahidi huja muda, na muda ndio unaoua madai mengi kuliko hoja za mawakili. Kituo kikiwa cha umma, anayeshtakiwa ni Serikali, na sheria inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Notisi hiyo hueleza madai na kiasi kinachodaiwa, na nakala yake hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huu unazihusu pia halmashauri: Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa wakazi wa wilaya hizi mbili, Mahakama Kuu iliyo karibu ni ile ya Babati. Kituo kikiwa cha taasisi ya dini, wanaoshtakiwa kwa kawaida ni wadhamini wake waliosajiliwa, na notisi ya siku 90 haihitajiki kwao.

Ukomo wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3. Kuna mtego hapa. Madai ya fidia kwa jambo lililofanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa yana ukomo wa mwaka 1, na upande wa Serikali unaweza kudai kwamba utoaji wa chanjo unaangukia huko. Aliye salama ni yule anayehesabu mwaka 1, na kupeleka notisi yake kabla mwezi wa 9 haujaisha. Mtoto mwenyewe ana nafuu ya ukomo hadi afikishe miaka 18, lakini mzazi anayedai gharama alizotumia hana nafuu hiyo.

Siku 90 za notisi ni nafasi ya kwanza ya mapatano. Serikali huitumia kuchunguza na, ikiona inafaa, kuzungumza na mdai. Nafasi ya pili huja baada ya kesi kufunguliwa, kwa sababu kesi za madai hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, ambao haupaswi kuzidi siku 30 tangu kikao cha kwanza. Yanayosemwa humo ni siri na hayatumiki baadaye kama ushahidi, hivyo mzazi anaweza kutaja kiasi kidogo kuliko alichodai bila kuogopa kufungwa na kauli yake. Mwanasheria wa Halmashauri anaweza kuwapo. Ni mtu wa kusikilizwa kwa heshima, lakini yeye ni wakili wa Halmashauri, wala si mshauri wa mdai.

Hati ya mapatano isomwe kwa lugha ambayo mdai anaielewa, na kwa wazee wengi hiyo ni Kiiraqw au Kidatoga. Iseme kiasi, tarehe ya kulipwa, nani anabeba gharama za kesi, na kama matibabu ya baadaye yamo au hayamo ndani ya kiasi hicho. Mara nyingi huandikwa kwamba mlipaji hakiri kosa. Maneno hayo hayapunguzi fedha na si sababu ya kukataa. Hati ikisajiliwa mahakamani huwa tuzo, na tuzo ya maridhiano haikatiwi rufaa.

Mdai akiwa mtoto, sahihi ya mzazi peke yake haitoshi. Mahakama lazima itoe kibali, baada ya kujiridhisha kwamba mapatano yana manufaa kwa mtoto. Kesi ikiwa mahakamani, mapatano yaliyofanywa bila kibali hicho yanaweza kutenguliwa. Bahasha inayotolewa kimyakimya nyumbani, pamoja na karatasi ya kusaini, ni jambo la kukataliwa, awe ameileta nani.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Mali ya Serikali au ya Halmashauri haikamatwi na dalali wa mahakama. Mdai hupata cheti cha mahakama kinachotaja kiasi, na cheti hicho huwasilishwa kwa afisa masuuli ili alipe. Kwa hiyo tarehe ya malipo iliyoandikwa kwenye hati ina thamani kubwa kuliko ahadi ya mdomo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017. Ofisi za Ustawi wa Jamii na Maendeleo ya Jamii za Halmashauri zinaweza kumwelekeza kwa watoa huduma hiyo. Aende na kadi ya mtoto, karatasi za hospitali, na tarehe ya chanjo ikiwa imeandikwa.